Namba ya OB



Jumamosi moja, yapata saa tano za usiku, dada yangu alinipigia simu akilia, maneno hayashikamani. Mwanawe wa miaka 19 alikuwa ametumwa mkate dukani na hakurudi. Habari ililetwa na rafiki yake aliyenusurika kwa kuruka ukuta: gari la polisi lilisimama pale barazani wanapokaa vijana, wakapakiwa wote waliokuwapo, mwenye kosa na asiye nalo, gari likaondoka. Hiyo ilikuwa saa nne.

Tukachukua tuktuk, mimi na dada na shemeji, tukaanza kuzunguka. Kituo cha kwanza, "Hapa hayuko." Kituo cha pili, "Hapa hayuko, jaribuni kwingine." Kituo cha tatu, afande wa zamu hakuinua hata macho, akatuambia turudi asubuhi. Dada yangu akaketi kwenye ngazi, akajitanda leso, akasema haendi popote mpaka amwone mwanawe. Shemeji akawa anapiga simu kwa kila mtu aliyewahi kumjua aliye na nduguye askari. Alfajiri, adhana zikiitikiana, tukarudi kile kituo cha pili. Zamu ilikuwa imebadilika. Safari hii kaunta ilikuwa na afande mwingine, binti mdogo mwenye miwani. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akateremsha kidole juu ya mistari ya wino wa buluu, mstari baada ya mstari, akasimama.

"Yuko, mama. Ameandikwa saa tisa na dakika arubaini."

Akachana ukingo wa gazeti la jana, akaandika namba, mkwaju, tarehe, mkwaju, mwezi, mkwaju, mwaka. Akampa dada yangu. Dada hajui sana mambo ya maandishi ya serikali, lakini alikishika kile kipande kwa mikono miwili.

Sasa hesabu nami, msikilizaji. Kijana kakamatwa saa nne za usiku. Kitabu kinasema saa tisa na dakika arubaini. Hapo katikati kuna saa tano na ushei. Baadaye alitueleza mwenyewe kwamba muda wote huo alikuwa pale pale kituoni, uani, amekalishwa chini na wenzake. Baadhi yao walipewa simu wapige nyumbani, wakaja watu wao, wakaongea pembeni na askari, wakaondoka bila jina lao kuandikwa mahali. Yeye simu yake ilikuwa imezima. Basi tuliposimama kwenye kaunta tukiulizia, alikuwa hatua kama thelathini kutoka pale tulipo, nyuma ya ukuta mmoja, na kwa mujibu wa kitabu hakuwa popote duniani.

Saa zile tano ndizo zinazoninyima usingizi mpaka leo. Na ndizo zilizonifanya nisome sheria ambayo sikuwa nimeisoma, na nije kuzungumza nawe jioni hii juu ya kitabu kile.

Kwa Kiswahili ni kitabu cha matukio, ila sijapata kumsikia mtu akikiita hivyo. Mkubwa kwa mdogo tunakiita OB. Kila kinachoingia kituoni hupita humo: aliyepoteza kitambulisho, mke aliyepigwa, mbuzi aliyeibwa, pikipiki iliyogonga mtu, maiti iliyookotwa ufuoni. Afande anayeingia zamu huandika kwamba ameingia, na kwamba seli zimekaguliwa, wamo wanaume wangapi na wanawake wangapi, na hali zao. Kila mstari una saa yake na namba yake ya siku ile, na kesho yake hesabu huanza upya. Ndiyo maana namba ya OB huwa na tarehe ndani yake.

Na hapo pana jambo ambalo wengi hatulitii maanani. Namba zile zinafuatana. Mstari wa 40 ukishaandikwa, na wa 42 ukishaandikwa, wa 41 hauwezi kuja kuchomekwa kesho. Mtu akishaandikwa OB, kumfuta ni kazi, maana itabidi uchane ukurasa, na ukurasa huo una shida za watu wengine ishirini ambao nao wana namba zao mfukoni. Jina lako linalindwa na aliyepoteza kitambulisho na aliyeibiwa mbuzi, bila wao kujua.

Watu wetu huogopa kuandikwa. Utasikia mzazi akimsihi afande, "Tafadhali usimwandike, tuyamalize hapa hapa." Namwelewa. Anawaza sifa ya mwanawe, anawaza mahakama na gharama zake. Lakini naomba nimwambie mzazi huyo kwa heshima zote: kabla hujaomba asiandikwe, fikiria ni nani anayefaidika mwanao akiwa hajaandikwa. Asiyeandikwa hana saa aliyokamatwa. Na asiye na saa aliyokamatwa, zile saa 24 za Katiba zitahesabiwa kuanzia wapi?

Maana Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 49, imesema aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Awasiliane na wakili, na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika. Afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, si zaidi ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia siku ambayo mahakama haikai, basi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Mlango huo wa mwisho ndio uliozaa ile tunayoiita kamatakamata ya Ijumaa: mtu ananaswa Ijumaa jioni ili alale ndani mpaka Jumatatu. Hata hivyo, hata kwa huyo wa Ijumaa, saa lazima ianze kuhesabiwa mahali, na mahali penyewe ni kwenye kitabu.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 haikumwachia mkuu wa kituo hiari. Inamtaka aweke kumbukumbu ya malalamiko yote, na majina ya wote waliokamatwa pamoja na makosa wanayodaiwa. Jedwali la 5 la sheria hiyo hiyo linakwenda mbali zaidi. Linataka daftari la mahabusu lenye jina, sababu ya kukamatwa, saa na tarehe, afisa aliyemkamata, lini alihojiwa na ni nani aliyemhoji, na kama amehamishwa, saa ngapi na kupelekwa wapi. Walioiandika sheria hii walijua vizuri kilichokuwa kikitendeka gizani katika nchi hii. Wengi wetu wenye umri tunakumbuka vyumba vya mateso vya Nyayo House.

Nitakueleza kwa nini tahadhari yao ilikuwa na maana.

Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani alitoka mahakama ya Mavoko pamoja na mteja wake, Josephat Mwenda, na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Mwenda alikuwa mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi mkononi na askari mwaka 2015. Alipothubutu kulalamika, akajikuta yeye ndiye mshtakiwa. Siku ile watatu hao walitekwa barabarani, wakapelekwa kambi ya askari wa utawala ya Syokimau, wakafungiwa kwenye seli ya kontena. Hakuna aliyeandika majina yao kwenye kitabu chochote ambacho mke, ndugu au wakili mwenzao angeweza kusomewa. Kilichoandikwa ni kikaratasi tu, ambacho Kimani alikirusha nje, chenye namba ya simu ya mkewe, na kwamba yuko hatarini. Msamaria aliyekiokota alipiga simu. Siku kadhaa baadaye miili ya watu hao watatu ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk.

Mnamo Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia ya mauaji maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao, na Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja adhabu ya kifo na wengine vifungo virefu. Haki ilipatikana baada ya miaka sita na zaidi. Lakini mimi kila nikiikumbuka kesi ile mawazo yangu yanaishia kwenye kile kikaratasi. Wakili, mtu aliyesoma sheria, anayezijua haki za mahabusu kwa moyo, alipofungiwa ndani ilibidi ajiandikie OB yake mwenyewe na kuitupa nje.

Nawe unakumbuka tuliyoyaona tangu Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Watu waliovaa kiraia, magari yasiyo na namba au yenye namba za kubandika, mtu anachukuliwa mchana kweupe. Mawakili walikesha wakienda kituo hadi kituo na orodha za majina kwenye simu, na kila kituo wakijibiwa "Hapa hayuko." Kufikia mwisho wa Desemba mwaka ule, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema imehesabu visa 82 vya watu waliotekwa tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani waliko. Nyuma ya kila kimoja kati ya visa hivyo 82 alikuwapo mama aliyesimama kwenye kaunta.

Wala sitaki nikudanganye kwamba kuandikwa peke yake kunatosha. Mwaka 2025, mwezi wa Juni, mwalimu kijana Albert Ojwang alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno aliyodaiwa kuandika mtandaoni kumhusu mkubwa wa polisi. Akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi, kituo cha Central. Baba yake alimfuata na hati ya shamba mkononi, akitumaini itakubaliwa kuwa dhamana. Alipofika akaambiwa mwanawe amefariki. Polisi walisema kijana alijigonga ukutani. Madaktari waliopasua mwili walikuta majeraha yasiyolingana na maneno hayo. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ikaieleza Seneti kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Maafisa walioshtakiwa wamekana, na kesi ni ya mahakama. Ninachosema mimi ni hiki: kituo chenye kitabu na kamera kinaweza bado kuwa kaburi, ikiwa wanaovisoma kitabu na kamera ni wale wale walio ndani. Maandishi huanza kumlinda mtu pale anapoweza kuyasoma mtu wa nje.

Sasa mtu wa nje ni nani, na anaruhusiwa kusoma nini?

Nianze na ukweli. OB haifunguliwi kaunta ukae uipekue kama gazeti, na si vibaya iwe hivyo. Mstari wa juu ya jina la mwanao huenda ni wa binti wa watu aliyebakwa, na habari zake hazikuhusu. Lakini ikiwa uliripoti jambo, unayo haki ya namba yako, usiondoke bila hiyo. Ikiwa nduguyo amekamatwa, una haki ya kuambiwa kama yuko, kwa kosa gani, na namba yake. Na iwapo utakataliwa kwa mdomo, kuna njia ya maandishi ambayo Wakenya wengi hawaijui, ingawa ipo tangu 2016.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaja kueleza jinsi. Unaandika ombi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria yenyewe imetaja Kiswahili, kwa hivyo asikwambie mtu "andika kwa Kizungu." Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumsaidia liandikwe. Huulizwi unataka habari hizo za nini. Hulipi kitu kwa kuomba, ila gharama ya nakala tu. Kwa mambo ya kawaida wana siku 21 za kujibu. Lakini habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu, sheria inasema saa 48.

Saa 48, msikilizaji. Nimekutana na watu waliotafuta wana wao miezi mizima na hakuna aliyewahi kuwaambia kuhusu hizo saa 48. Kwa hivyo chukua kalamu, au mwambie mtoto achukue daftari lake la shule. Barua yenyewe si ndefu. Juu andika, Kwa Mkuu wa Kituo, na jina la kituo. Kisha:

"Mimi fulani, raia wa Kenya, mwenye kitambulisho namba kadha, ninaomba kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 nielezwe yafuatayo kuhusu ndugu yangu fulani. Je, amezuiliwa katika kituo chako, au amewahi kufikishwa hapo tangu siku fulani, saa fulani? Namba yake ya OB ni ipi, na aliandikwa saa ngapi? Alikamatwa na afisa gani, kwa kosa gani? Ikiwa amehamishwa, alipelekwa wapi, na saa ngapi? Kwa kuwa habari hizi zinahusu uhai na uhuru wa mtu, naomba jibu ndani ya saa 48."

Weka sahihi, tarehe na saa. Tengeneza nakala mbili. Moja waachie, na ya pili waombe waigonge muhuri. Wakikataa kugonga, andika chini ya nakala yako jina la afande aliyeipokea au namba yake ya kazi. Sheria inamtaka awe na kimojawapo kinachosomeka. Fanya hayo kwa adabu. Salimu kwanza. Afande wa kaunta naye ni mtoto wa mtu, na mara nyingi yeye siye aliyetoa amri. Nimeona barua iliyogongwa muhuri ikimsaidia hata afande mwenyewe, kwa sababu sasa ana karatasi ya kumpelekea mkubwa wake na kumwambia, "Mkuu, hii imepokelewa, inahitaji jibu."

Jibu lisipokuja, au likija la kukataa, kuna Tume ya Haki za Kiutawala, ile inayojulikana sana kwa jina la Ombudsman, ambayo sheria imeipa kazi ya kupitia maamuzi ya namna hiyo. Unayo siku 30 za kupeleka lalamiko lako. Palipo na dalili za kupigwa au kuteswa, nenda IPOA. Na mtu akiwa hajulikani alipo kabisa, usingoje tume yoyote. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu siku hiyo hiyo kuomba amri ya mtu huyo kuletwa mbele ya jaji, akiwa hai au serikali ieleze. Haki hiyo Kifungu cha 25 kimeiweka kati ya zile ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari.

Ukishafika mahakamani mambo huwa mepesi. Kesi husikizwa mlango ukiwa wazi, isipokuwa zile za watoto na nyingine chache. Ukiwa na namba ya kesi unaweza kwenda masjala ukaomba kuliona jalada, na hukumu nyingi zimewekwa kwenye tovuti ya Kenya Law ambako mtu anazisoma bure. Ugumu wetu hauko mahakamani. Uko kwenye zile saa za mwanzo, kati ya mkono wa askari na kalamu ya askari.

Pana upande wa pili wa jambo hili, na nisingekuwa mkweli nikiupita.

Mwezi uliopita alinijia kijana wa mtaani, amepata kazi ya hoteli kule Qatar, tiketi iko njiani. Wakala alimtaka cheti cha maadili mema. Akalipa zile shilingi 1,050 kupitia eCitizen, akaenda kupigwa alama za vidole, akangoja. Cheti kiliporudi kilikuwa na doa. Miaka minne nyuma alishtakiwa kwa kuzurura. Mlalamishi hakuonekana, upande wa mashtaka ukaiondoa kesi, hakimu akamwachilia. Yeye alikwenda nyumbani akijua yamekwisha. Lakini alama zake za vidole zilibaki kule idara ya upelelezi, DCI, zikisema ana kesi, kwa maana hakuna aliyepeleka habari kwamba kesi iliisha. Mzigo huo aliachiwa yeye: arudi mahakamani, atafute jalada, alipie nakala ya uamuzi iliyothibitishwa, aipeleke Nairobi, angoje tena. Qatar haikungoja.

Kwa hivyo ninapodai kitabu kifunguliwe, sidai watu waanikwe. Kuna nchi zimefanya hivyo. Ndugu zetu walioko Marekani watakwambia kwamba katika majimbo kadhaa mtu akikamatwa leo, kesho picha yake na jina lake viko kwenye tovuti ya jela ya kaunti, hata kabla ya kuhukumiwa. Kulizuka wafanyabiashara waliokusanya picha hizo na kuwadai watu pesa ili waziondoe, mpaka baadhi ya majimbo yakatunga sheria ya kuwazuia. Sipendi tufike huko. Lakini angalia vizuri: kule, mama mwenye mwana aliyekamatwa anajua upesi yuko wapi. Faida hiyo naitaka, na aibu ile siitaki, na naamini kamwe havikufungwa kamba moja.

Kumzuilia mtu ni tendo la serikali. Tendo hilo linalipiwa kwa kodi yako na yangu, na serikali inapaswa kulieleza papo hapo: nani, wapi, saa ngapi, na nani kamshika. Hilo liwe wazi kwa ndugu na wakili saa ile ile, na kwa kila raia anayeuliza kwa barua. Bali historia ya mtu, kwamba siku fulani aliwahi kulala seli kwa kosa ambalo halikuthibitishwa, hiyo ni mali yake. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yake. Na Kifungu cha 35, kile kile cha kupata habari, kina sehemu ya pili ambayo hainukuliwi sana: kila mtu ana haki ya kutaka habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu irekebishwe au ifutwe. Kijana yule wa Qatar alikuwa na haki hiyo tangu siku hakimu alipomwachilia. Naona mahakama na DCI wangepaswa kupelekeana habari wao kwa wao, kesi ikiisha doa liondoke, bila kumsafirisha maskini kwenda Nairobi na bahasha.

Kwa miaka kadhaa sasa tunaambiwa OB inahamia kwenye kompyuta, na kuna vituo vilivyoanza. Nafurahi, ila kwa shaka kidogo. Kile kitabu cha jalada gumu, pamoja na vumbi lake, kilikuwa na sifa ile niliyokueleza, mstari ukishaandikwa hauchomolewi. Kompyuta nayo iwe hivyo: mtu akibadilisha neno, ionekane nani kabadilisha na saa ngapi, na IPOA iweze kuona kutoka ofisini kwake bila kuomba ruhusa ya mkuu wa kituo. Na tunayo simu karibu kila nyumba. M-Pesa ikinitumia ujumbe nikinunua nyanya za shilingi hamsini, kwa nini kompyuta ya polisi isimtumie dada yangu ujumbe mwanawe anapoandikwa?

Mpwa wangu, ili usiondoke na dukuduku, alitoka Jumatatu. Hakimu alisoma hati ya mashtaka, akauliza swali moja, akamwachilia. Yule afande mwenye miwani sijamwona tena, nadhani alihamishwa. Dada yangu hakukitupa kile kipande cha gazeti. Alikifunga kwenye pindo la leso siku ile, na sasa kimo kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake na risiti ya mahari yake.

Juzi, usiku wa manane, jirani alimgongea. Mumewe kachukuliwa. Dada akavaa viatu, akaenda naye hadi kituoni, akamsalimu afande wa kaunta, akamuuliza namba ya OB. Afande akasema bado hawajamwandika, wasubiri. Dada akamwambia hapana shida, watasubiri, ila atazame saa ya ukutani waiandike wote pamoja. Akaomba kalamu.